Jicho la Aprili, Jicho la Mei

20 Mei 2024

Nukta mdogo wangu,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu najua barua yako itaanza na habari za baridi ya huko, na shikamoo utaikumbuka mwishoni.

Huku tupo. Duka la baba bado linafunguliwa kila asubuhi, na mlango wake bado unalia ukisukumwa. Nimekataa kuutia mafuta, maana bila mlio ule naona kama nimeingia duka la watu. Ubao wa herufi za kupimia macho uko palepale ukutani, umekuwa wa manjano. Ila mashine ya kusagia lenzi imekufa. Safari hii imekufa kweli, si ule usingizi wake ambao baba alikuwa akiukatiza kwa kuipiga kibao cha ubavuni. Nimeipiga mpaka mkono umeniuma. Na yule wakala tuliyekuwa tukichukua kwake lenzi nzito naye amefunga, siku hizi anauza vifuniko vya simu. Kwa hiyo nimebaki na fremu tupu na wateja wenye macho.

Msimamizi wa karakana yenu ya lenzi huko ughaibuni nimemshukuru sana kwa kukubali kutusagia lenzi. Mwambie hivyo, na umwambie kwa heshima, usimtanie kama unavyotania kila mtu. Jedwali la maagizo nimeliambatanisha na barua pepe hii. Nimelichapa mwenyewe kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, kwa wote niliowapima. Sifuri zote nimeziandika, mbili nzima hutaikuta imekaa peke yake, nimeandika 2.00. Unakumbuka baba: "Nambari ya jicho haikatwi mkia." Ila alama ya kujumlisha nimeiacha, kila nikiiandika mashine inadhani nataka hesabu. Palipo na alama ya kutoa ipo, pasipo na alama ujue ni kujumlisha.

Ukiweza, anza na mteja wa kwanza. Ni mama mmoja mtu mzima, anahitaji miwani ya kusomea.

Mama hajambo. Barua zako nazichapa kwenye karatasi na kumsomea, kisha anazihifadhi kwenye lile kopo la bati la baba la kuwekea skrubu. Macho yake ni ya uzee tu, usiwe na wasiwasi.

Dada yako

---

27 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Umeona? Mstari wa kwanza kabisa. Baridi nitaisema baadaye.

Dada, mimi nilikuomba nambari za macho, wewe umeniletea kalenda.

Nimefungua jedwali lako mbele ya msimamizi, yule ninayemwita Bwana Vipimo, nimevimba kichwa kwa sababu nilishamwambia kwamba kwetu upimaji ni wa ukoo. Safu ya jicho la kulia: Februari 1975, Januari 1950, Februari 2000. Safu ya jicho la kushoto: Machi 1950, Februari 1975. Huyo mteja wako wa kwanza ndiye kiboko. Jicho la kulia Aprili 1975, la kushoto Mei 2025, mwezi ambao hata haujazaliwa. Bwana Vipimo akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza, "Dada yako anauza miwani au anauza miaka?"

Tumekaa nayo mpaka tukaelewa. Huku, Dada, nukta ni ya tarehe. Watu wanaandika siku, nukta, mwezi, nukta, mwaka. Nambari yenye sehemu wanaitenga kwa mkato: mbili, mkato, sabini na tano. Sasa mashine ya huku ikiona 2.75 yako inasema, ahaa, mwezi wa pili mwaka sabini na tano, najua hiyo. Haiulizi. Inajifanya mwenyeji. Nikajaribu kuirudisha iwe nambari, ikaniambia mteja wako mwingine, yule fundi cherehani, lenzi yake ina nguvu ya elfu ishirini na saba mia nne ishirini na sita. Huyo tukimpa lenzi zake ataona nyuzi za nguo za watu walioko mwezini.

Waliosalimika ni vijana. Wale wasioona mbali, wenye alama ya kutoa, mashine imewaacha kama walivyo. Wazee wote wenye miwani ya kusomea ndio waliogeuka kuwa miaka ya zamani. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Najua utasema, mwezi si ndiyo nambari ya mbele na mwaka ndiyo ya nyuma, chapa tu upya. Sina ruhusa. Hapa sheria ni ileile ya baba, ungedhani walikaa naye meza moja: nambari ya jicho haipiti mikono miwili. Aliyempima mtu ndiye anayeiandika, na faili lake ndilo linaloingia kwenye mashine ya kusagia. Kwa hiyo nitumie tena, safari hii weka mkato mahali pa nukta.

Ila kalenda yako sijaifuta. Naifungua wakati wa chai. Februari 2000, Dada. Si ndio mwezi nilioondoka? Unakumbuka nini? Na Januari 1950 baba alikuwa na umri gani? Muulize Mama Aprili 1975 alikuwa wapi.

Na baridi ipo.

Nukta

---

9 Juni 2024

Nukta,

Eti Nukta. Jina hilo baba alikupa kwa sababu ulikuwa mdogo kuliko watoto wote wa mtaa na pua yako kila siku ilikuwa na tone la rangi ya kung'arishia lenzi. Sasa nasikia umekuwa mtu wa mkato. Tutakubadilisha jina.

Wala usidhani ni leo. Mwanao alipozaliwa uliandika ana kilo 3,4. Nikamsomea Mama kama nilivyoona: kilo tatu, nne. Mama akapiga kigelegele nyumba ikatikisika, akasema ni mapacha, mmoja kilo tatu mwingine kilo nne. Akafuma kofia mbili. Ulipopokea ya kwanza ukashukuru, hatukuwa na moyo wa kukuambia kwamba kulikuwa na ya pili.

Haya, miezi yako. Januari 1950 baba alikuwa mtoto wa kufungwa vifungo vya shati, sina la kukuambia. Februari 2000 ninalo. Ulipanda basi asubuhi, na baba hakuja kituoni, alisema ana kazi ya watu. Ulikasirika, nilikuona. Tuliporudi dukani tukamkuta amekaa mbele ya mashine, imewashwa, inazunguka, na mkononi hana lenzi. Mama akaizima. Tukafungua duka. Mchana baba alinituma nikanunue mkate, nikarudi na wa watu wanne kwa mazoea. Akaukata vipande vinne, cha kwako kikabaki kwenye sahani mpaka jioni. Nilikuwa sijakuambia kwa sababu hukuuliza.

Aprili 1975 nimemuuliza Mama. Alicheka mpaka akashika meza. Nikasema sema basi nimwandikie. Akasema, "Hiyo hapana. Hiyo nitamwandikia mwenyewe kwa mkono wangu." Nikaenda kuosha vyombo.

Jedwali jipya hili hapa. Nimeketi nalo siku nzima, nimeweka mkato kila palipokuwa na nukta. Nakuomba ulishughulikie upesi, yule mteja wa kwanza hana muda mrefu wa kungoja.

Dada yako

---

18 Juni 2024

Dada, shikamoo,

Sijui nianzie wapi. Ngoja nianze na Bwana Vipimo. Leo amekaa chini.

Jedwali lako la pili limefika, na sasa kalenda imekwisha. Fundi cherehani ana 275. Yule mteja wako wa kwanza jicho la kulia 475, la kushoto 525. Bwana Vipimo alisema katika maisha yake amesaga lenzi za darubini, ila huyu mama wa kwenu anataka kuona nini hasa?

Nimeelewa kilichotokea, tena kosa ni langu. Kwenye mashine ya nyumbani mkato ni pambo tu la kugawa maelfu. Wewe ukiandika nne, mkato, sabini na tano, mashine inauona mkato, inautupa kama ganda, inabaki na mia nne sabini na tano. Haikukuambia kitu. Za hapa zinajifanya wenyeji, za huko zinajifanya zimeelewa.

Basi tusipelekeshane. Wiki ijayo karakana inafungwa kwa likizo ya kiangazi, watu wote wanaondoka, mpaka mwishoni mwa Agosti. Septemba tutakaa vizuri, mimi na wewe kwenye simu, tutalimaliza. Mteja aliyengoja miaka yote hiyo hawezi kufa kwa kungoja miezi miwili.

Nimeisoma Februari yako mara nyingi. Miaka yote hii nimembebea baba kinyongo cha kituo cha basi. Kumbe alikuwa anasaga hewa. Hata nilipokuja kwenye msiba wake nilisimama pale nikiwa bado na kinyongo changu mfukoni, Dada, nikarudi nacho. Juzi nilikuwa nang'arisha lenzi ya mtu nikajikuta nimelamba kidole na kukipitisha ukingoni, kama yeye, na huku hairuhusiwi. Nikatazama huku na huku kama mwizi.

Mwambie Mama mwaka huu mambo yameingiliana, shule ya mtoto na kazi, ila mwakani, Mungu akipenda, mwakani nitakuja kweli.

Halafu jambo moja. Ile picha ya Mama uliyonitumia, ameshika barua yangu mkononi, herufi zake mbona kubwa kama tangazo la mkutano? Wino unanunua au unachota?

Nukta

---

20 Juni 2024

Nukta,

Mteja wa kwanza ni Mama.

Ungeniona ninavyochapa ungeacha utani. Nilikula kiapo kutokukuambia, yeye ndiye aliyeniapisha, lakini maji yamezidi unga. Ana doa katikati ya macho, lilianza mwaka jana. Pembeni anaona, anamwona paka anapopita, anamwona jirani mlangoni. Anachokitazama moja kwa moja ndicho kinachofutika. Uso wa mtu. Herufi.

Nilikuwa najua kidogo, nikajua vizuri siku alipokuja jirani. Mama akatoa karatasi kwenye kopo, akavaa miwani yake ya zamani, akamsomea barua yako ya mwaka mpya. Neno kwa neno, na kicheko mahali pake. Jirani akafurahi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Karatasi aliyoshika ilikuwa ya bili ya maji.

Barua zako zote anazo kichwani, Nukta. Nikimsomea mara moja ananiambia nirudie, eti hakusikia vizuri. Masikio yake ni mazima. Alikuwa anakariri.

Nilimpeleka kwa daktari. Amesema jicho halitarudi, ila kwa lenzi nzito, taa nzuri na karatasi karibu na pua, atasoma. Amesema kwa sasa. Nikamuuliza kwa sasa ni mpaka lini, akasema labda mwaka, labda zaidi, na labda pungufu, asimdanganye mtu. Nikampima mwenyewe kwa lenzi za majaribio, kwenye kiti kilekile cha kupimia cha baba. Nilipofika 4.75 kulia na 5.25 kushoto akasoma herufi moja, kisha akasoma ya pili. Nilitoka nje kidogo.

Na wewe unaniambia Septemba.

Ile sehemu ya "mwakani" sijamsomea. Huwa simsomei. Tangu baba atutoke kila barua yako ina mwakani yake, nami kila nikifika hapo naruka, nasema, "Anasema anakuja, Mama." Anaitikia, "Inshallah." Sasa unajua na wewe.

Usimpigie simu. Ukimpigia atajua nimekuambia, na sauti yako haijawahi kuficha kitu. Mimi sitaki tena nukta wala mkato. Nataka miwani.

Dada

---

25 Juni 2024

Dada,

Nimekaa siku kadhaa nikitafuta namna ya kuanza barua hii, sijaipata. Nisamehe. Nilikuwa nafungua kalenda ile wakati wa chai, nacheka na Aprili 1975 na Mei 2025, kumbe nilikuwa nayatazama macho ya Mama.

Nilikwenda kwa Bwana Vipimo na barua yako mkononi. Hasomi lugha yetu, nikamtafsiria. Nilipofika kwenye bili ya maji niliikunja barua. Akavuta kiti, akasema, "Lete faili la kwanza. Lile la kalenda."

Kosa letu lilikuwa la kijinga, Dada. Tulikuwa tunalifungua faili kwa kulibofya tu, na mashine ikilipokea hivyo inadhani limezaliwa hapa. Kumbe kuna njia nyingine. Unafungua jedwali tupu kwanza, kisha unaliita faili liingie, na kabla halijaingia mashine inakuuliza, data hii imetoka wapi? Hapo ndipo unajibu. Imetoka nyumbani. Kule nukta inatenga sehemu ya nambari, na hakuna tarehe hata moja humu. Unasema hivyo safu kwa safu. Halafu unaruhusu iingie.

Ikaingia. 4.75 ikawa nne na robo tatu, 5.25 ikawa tano na robo. Fundi cherehani akarudi duniani. Hujakosea hata mstari mmoja, jedwali lako la mwezi wa tano lilikuwa sahihi tangu siku ile. Ni sisi hatukuuliza limetoka wapi.

Lenzi za Mama zimesagwa jana, siku ambayo wenzangu walikuwa wanafunga mizigo ya likizo. Kuzing'arisha nimezing'arisha mwenyewe, na nimelamba kidole, Bwana Vipimo aliona akageuka dirishani. Zimeondoka leo asubuhi. Za wengine zinafuata. Fremu sijatuma. Ile ya kahawia yenye mikono mipana, iliyokuwa kwenye droo ya chini, bado ipo? Nimesaga kwa kipimo chake, mkono wangu unakijua bado.

Nimerudia pia kusoma barua zangu za zamani, nakala ninazo. Umesema kweli. Kila moja ina mwakani. Sikujua ni nyingi hivyo, mtu akiandika moja moja haoni.

Mimi ni Nukta bado, kama mtanikubali.

---

15 Julai 2024

Nukta,

Zimefika, hazina hata mkwaruzo. Fremu ilikuwepo droo ya chini, imefungwa kwenye kitambaa cha shati la baba. Lenzi zimeingia bila kusukumwa.

Siku ya kumvalisha sitakuandikia. Nimejaribu, nimefuta. Nitakuambia tu kwamba alinitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akasema, "Umezeeka, mwanangu," nikacheka na machozi yakanitoka kwa pamoja.

Ila jua kwamba tumeumbuka. Kitu cha kwanza alichoomba ni kopo. Amekaa dirishani na taa ya karakana ya baba, karatasi ameikaribia kama anainusa, anasoma barua zako moja baada ya nyingine tangu ya chini kabisa. Anasoma polepole, anapumzika, anarudi. Juzi aliniita. Akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa wewe hukusoma hivi." Nikasema Mama, mimi... Akasema, "Na hapa. Na hapa." Hakuwa amekasirika, hilo ndilo lililoniumiza. Akaniambia, "Ulikuwa unanitilia sukari. Asante. Sasa nipe kalamu."

Barua yake nimeipiga picha, ipo hapa chini. Mistari imepanda na kushuka, na pengine amelirudia neno juu ya neno. Sikumsaidia hata herufi. Isome ukiwa umekaa.

Dada

---

Nukta mwanangu,

Mimi ni Mama. Naandika mwenyewe. Karatasi ipo karibu na pua kiasi kwamba wino nausikia harufu, lakini ninaona ninachoandika, na nikimaliza neno ninaliona bado lipo.

Dada yako usimgombeze. Kazi ya kukuficha habari za macho yangu nilimpa mimi, na ya kunificha mwakani zako alijipa mwenyewe. Nyote wawili mmekuwa mkinisomea mnavyotaka. Hii ni mara ya kwanza tunaongea wenyewe tangu lile doa lilipokuja.

Uliuliza Aprili 1975 nilikuwa wapi. Nilikuwa njiani kwenda dukani kwa baba yako. Sikuwa namjua. Nilimpelekea miwani ya mama yangu, mkono mmoja umekatika. Kazi ya skrubu moja. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Njoo kesho." Kesho nikaja. Akasema kuna kifaa hakijafika, njoo kesho. Nikaja. Akasema umeme ulikatika. Mwezi mzima wa Aprili, mwanangu, nimevaa viatu vyangu vizuri nakwenda kuambiwa njoo kesho. Mama yangu akaanza kutia sukari mahali pa chumvi kwa kukosa miwani, akaniambia huyo fundi ni mwongo, kamnyang'anye kitu chetu twende kwa mwingine. Nikaenda nimejifunga kibwebwe. Nikamwambia leo sitoki hapa. Akavuta droo ya chini akaitoa, imekamilika, inang'aa. Ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza sasa ulikuwa unataka nini? Akasema, "Ulikuwa unarudi."

Hiyo ndiyo fremu niliyovaa sasa. Mama yangu alinipa siku ya harusi, akasema hii ndiyo iliyokuoza.

Kwa hiyo kesho za mafundi nazijua mimi. Baba yako alisema njoo kesho kwa sababu alitaka kuniona tena. Wewe mwakani yako ni ya nini? Nimezisoma zote. Wahenga walisema kawia ufike. Wewe umekawia vizuri sana, sehemu ya kufika ndiyo bado.

Sikulaumu. Najua kazi, najua shule ya mtoto. Najua pia kwamba unaogopa kuingia duka lile na baba yako hayupo. Hata mimi naogopa kila asubuhi, na naingia. Mlango unalia, basi, yamekwisha.

Dada yako alinisomea kalenda yako. Jicho langu la kulia ni Aprili sabini na tano, la kushoto ni Mei mwaka kesho. Nimelifikiria hilo sana. Aprili nilishaiona, hakuna doa la kuifuta. Hii Mei ndiyo sijaiona, na daktari anasema labda. Mimi si mtu wa labda. Uso wako nimeusahau katikati, nakumbuka masikio. Mjukuu wangu simjui kabisa ila pichani. Ile kofia ya pili bado ninayo, haitamwingia, aje aijaribu tucheke.

Njoo Mei. Usiniwekee neno jingine lolote katikati ya hayo mawili, wala usiongeze Mungu akipenda, hilo niachie mimi nitamwomba mwenyewe.

Macho yamechoka. Napumzika.

Mama

---

30 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Nimeambatanisha faili. Mwambie Dada alifungue kwa kulibofya tu, asiambie mashine kitu chochote. Lina kisanduku kimoja chenye maandishi, si nambari, na chini yake majina ya wasafiri, langu na la mjukuu wako.

Kitasomeka Mei 2025. Safari hii mashine haijakosea.

Nukta